Maswali ya Wasomaji: Nyasi zinamwagiliwa, lakini maji hayazami

SWALI: Nina bustani ya ukoka mbele ya nyumba yangu hapa Kisasa, Dodoma. Ukiikanyaga inabonyea kama godoro, maji ninayomwagilia kila jioni hutiririka hadi njiani, na mabaka ya kahawia yameanza kujitokeza. Kijana anayenisaidia anashauri tuichome moto sasa, Septemba hii, ili nyasi zichipue upya; jirani anashauri niongeze urea. Nimfuate nani?
Msomaji, Kisasa

JIBU: Ndugu msomaji, tunakusihi usimfuate yeyote kati yao. Kata kipande kidogo cha nyasi pamoja na udongo wake kwa kisu, kisha ukitazame ubavuni. Tunaamini utaona, kati ya majani mabichi na udongo, tabaka la mashina yatambaayo na mizizi, sehemu kubwa ikiwa imekufa bila kuoza. Lisipozidi sentimita 1 halidhuru, tena huukinga udongo na jua. Likizidi hapo, mizizi huanza kuishi ndani yake badala ya kushuka chini, na likikauka hukataa maji, ndiyo maana maji yako yanaishia njiani.

Urea nyingi huharakisha ukuaji wa mashina kuliko uwezo wa udongo kuyaozesha, kwa hiyo ushauri wa jirani utalinenepesha tabaka lile lile. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku nako huizoesha mizizi kubaki juu. Majani mafupi yanayoanguka wakati wa kukata hayana hatia kubwa, kwa kuwa huoza upesi.

Kuhusu moto, mashina ambayo yangechipua yamo ndani ya tabaka hilo hilo, nao ukilishika utayaunguza, ukiacha udongo mtupu mbele ya upepo na jua hadi mvua zinyeshe. Hatari kwa nyumba yako na za majirani ni dhahiri.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na ukoka hupona haraka ukiwa katika kasi ya kukua. Subiri basi mvua zikolee, nyasi zikiwa zimestawi, ndipo uanze kazi ya kulipunguza tabaka hilo. Kwa sasa toboa bustani kwa uma wa bustani, na umwagilie asubuhi, mara chache lakini hadi maji yafike chini. Katika mji wenye uhaba wa maji kama wetu, hiyo pekee ni nafuu kubwa.

Wakati ukifika, fupisha nyasi, kisha zichane kwa nguvu kwa reki ya meno ya chuma, kwanza upande mmoja, halafu kwa kukingamisha, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope. Bustani itaonekana imeharibika, usiogope. Ikiwa tabaka linazidi sentimita 3, ondoa sehemu tu mwaka huu na iliyobaki msimu ujao, kwani kuling'oa lote kwa mara moja huondoka na mizizi. Mabaki yapeleke kwenye shimo la mboji. Toboa tena kwa uma, kina cha sentimita 8 hadi 10, kisha tandaza mchanganyiko wa udongo na samadi iliyooza vizuri, unene wa nusu sentimita, ncha za nyasi zikiendelea kuonekana. Samadi hiyo huleta vijidudu vya kuozesha mabaki yaliyosalia. Mbolea ya chumvichumvi, ukiona lazima, weka kiasi kidogo baada ya machipukizi kufunika udongo.