Kisa cha vyura nacho kiandikwe

Wiki iliyopita mliuliza: mtoto aliyefiwa na mzazi asaidiweje kumkumbuka? Mimi nalea watoto wawili wa marehemu dada yangu hapa Muleba, mkoani Kagera, na nitaanza na pale tulipokosea.

Mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo minne. Kabla matanga hayajaanuliwa, nguo za mama yao zilishagawanywa kwa watu wazima. Wao hawakupewa hata leso. Mdogo akaambiwa mama kasafiri. Basi kila pikipiki ikikata kona, mbio nje kuchungulia. Ilikuwa hivyo miezi mitatu. Jioni moja akaniuliza, "Mama mdogo, mbona hapigi simu?" Nikashindwa kuuendeleza ule uongo. Nikamshika mkono hadi kaburini, pale mgombani, nikamwambia mama alikufa, tulimzika hapa, hawezi kurudi. "Hata Krismasi?" Hata Krismasi. Tukalia wote. Kesho yake pikipiki zilipita, hakutoka.

Kumkumbuka kwenyewe kulianzia hapo. Mkoa wetu ndio uliopata wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini, mwaka 1983, kwa hiyo yatima tunawajua. Wenzetu wa Uganda, akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU, walianza miaka ya 1990 kuwaandikia watoto vitabu vya kumbukumbu wangali hai: ulizaliwa wapi, ukoo wako upi, ulipenda kula nini. Dada yangu aliondoka ghafla, hakuandika. Tukanunua kaunta buku, na kila ajaye kutusalimu anadaiwa kisa kimoja.

Wazee walileta sifa: mpole, mcha Mungu. Watoto wakapiga miayo. Jirani aliposimulia jinsi dada alivyotupa ndoo kisimani akimkimbia chura, walicheka, wakaomba arudie. Mjomba akanikemea, marehemu hasemwi. Namheshimu, ila hapo sikubaliani naye. Watoto hawa wanamkosa huyo huyo aliyekuwa akiogopa vyura.

Shangazi yao nilimfuata mwenyewe, akarudisha kipande kimoja cha khanga. Mdogo hulala nacho.

Novemba, tukikaa kuwanyonyoa senene mbawa, kitabu hutolewa. Mdogo sasa ana miaka saba, na huapa kwamba anakumbuka mama alivyomfukuza mbuzi aliyetafuna sare yake ya kwaya. Mbuzi yule alichinjwa kabla yeye hajazaliwa. Dada yake akifungua mdomo kumsahihisha, namfinya.