Uji wa wimbi na chai visikutane mezani

Nairobi ya sasa imerudi kwa wimbi. Ukiingia jikoni Umoja, Kasarani au South B, hukosi kuona mkebe wa unga wa rangi ya udongo, na mwenye nyumba atakueleza kwamba alipunguza unga mweupe kwa sababu ya damu, au mifupa, au sukari ya mzee. Nami ni mmoja wao. Lakini angalia meza yenyewe asubuhi: bakuli la uji huku, chupa ya chai ya maziwa kule, na watu wanakunywa vyote kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo pesa ya wimbi inapopotelea.

Chai, iwe ya maziwa au strungi, ina tanini, ile kitu inayoukakamaza ulimi majani yakichemka kupita kiasi. Tumboni, tanini hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka, maharagwe na mboga, na mwili unayakosa. Kikombe kinachonyweka pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata. Kumimina maziwa hakusaidii. Chuma cha nyama na samaki hakiguswi sana, lakini kwa bei za bucha zilivyo, wengi wetu tunategemea cha sukuma wiki na ndengu.

Hili nililisikia kliniki ya wajawazito. Kipimo kilionyesha damu iko chini, nami nikaanza kumsimulia muuguzi habari za uji wangu wa asubuhi na jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na chai, mama, unakunywa saa ngapi?" Akanikabidhi vidonge vya chuma na sharti moja: chai ikae mbali navyo, na ikae mbali na chakula pia, angalau saa nzima.

Ni ushauri rahisi kuliko wote niliowahi kupewa, maana hauhitaji ununue chochote. Nyumbani tunakunywa uji kabla ya kutoka, na chai inangoja saa nne, wakati ambao ofisi nyingi za mji huu zinakunywa chai hata hivyo. Jioni ndiyo vita. Mama mkwe ametoka Kericho, na kwake ugali usiofuatwa na chai ni ugali ambao haujaisha. Simbishii. Namletea chungwa kwanza, tunazungumza, watoto wanamaliza kazi ya shule, halafu chai inakuja. Chungwa lenyewe linafanya kazi: vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma cha mimea. Kachumbari yenye nyanya mbichi na ndimu ni hivyo hivyo, na ukikamulia uji ndimu, subiri kwanza uepue, kwa sababu moto unaiharibu vitamini hiyo.

Sasa uji wenyewe. Wimbi linastahili sifa zake. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, na hakuna nafaka ya kawaida hapa kwetu inayolikaribia. Ila ganda la nafaka nzima lina fitati, ambayo nayo hushikilia chuma na zinki. Nyanya zetu walilitatua hili bila maabara: walichachusha. Jioni koroga unga na maji ya vuguvugu kwenye chombo safi, ongeza kijiko cha mchanganyiko wa juzi kama unao, funika, upike kesho yake. Bakteria wanaoleta ule uchachu huivunja fitati. Faida nyingine ni kwamba uji mchachu hauombi sukari nyingi, na mtoto aliyeuzoea hukataa ule mwingine.

Kununua, mimi naenda Nyamakima. Kule unaona nafaka kwa macho, unaitia mkononi, unanunua kwa gorogoro. Wimbi hupurwa chini, kwa hiyo mchanga ni lazima. Uliza lililooshwa, au ulioshe mwenyewe mara kadhaa mpaka maji ya chini ya beseni yasikwaruze. Kulianika ndiyo shida ya sisi wa maghorofa, tunagombania jua la juu ya paa na mashuka ya majirani.

Nawashauri watu waache unga wa uji wenye vitu kumi. Umeuona: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, omena, mbegu za maboga, vyote vimesagwa pamoja na kuitwa lishe kamili. Soya isiyopitishwa motoni vizuri inasumbua usagaji wa chakula tumboni. Mafuta ya njugu na omena yanaufanya unga ule uvunde upesi. Na njugu, kama mahindi, ni rafiki wa ukungu unaotoa sumukuvu, ile aflatoksini, ambayo jiko la nyumbani haliimalizi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 Ukambani na maeneo ya jirani. Ikishasagwa, huwezi kuiona njugu mbovu. Saga wimbi, ongeza mtama kidogo ukipenda, na njugu uzile kwa mkono, moja moja, ukizitazama.

Kuhusu ugali, sina msimamo mkali kama wa baadhi ya wenzangu. Unga wa pakiti umekobolewa, ganda na kiini vimekwenda kulisha mifugo. Lakini tangu 2012 sheria inawataka wasagaji wauongezee vitamini na madini, chuma kikiwemo. Wa kinuni una ganda lake, lakini mara nyingi hauna nyongeza hizo. Mimi nachanganya: pakiti wiki hii, kinu wiki ijayo, na wimbi humo humo. Wa kinuni usiununue wa mwezi mzima, mafuta ya kiini huuchachisha. Na kabla ya yote hayo kuna githeri, mahindi mazima na maharagwe, ambayo watu wa mji huu wanaiona chakula cha bweni. Mahindi yamepungukiwa na lisini, kijenzi kimoja cha protini, ambacho maharagwe yanacho tele. Ukivila pamoja, protini ya kila kimoja inakamilishwa na mwenzake.

Mwenye kisukari nimwambie kitu kimoja tu: ugali wa wimbi ni wanga vilevile. Nimeona mzee akikatiwa mlima wa ugali wa kahawia kwa sababu eti huo hauna neno. Ukubwa wa kipande unahesabika, rangi yoyote iwayo.

Turudi kwa chai. Sukari isiingie sufuriani. Iweke mezani, kila mtu ajitilie, na utashangaa jinsi mkono unavyopungua wenyewe. WHO inapendekeza sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita vya chai. Vikombe viwili vya kibanda cha mandazi vinaweza kuvimaliza. Pia iache ipoe kidogo. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa WHO waliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, ugonjwa ambao Bonde la Ufa linaujua vizuri kupita kiasi.

Zile chai za kuyeyusha kitambi zinazouzwa mjini, soma nyuma ya pakiti. Nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Utapungua kweli, lakini kilichotoka ni maji na choo, si mafuta. Ukitaka kitu cha moto cha usiku kisicho na kafeini, panda mchaichai kwenye ndoo kuukuu ya rangi, uitoboe chini. Kwenye roshani yangu umeota hadi majirani wanaomba.