Ukiongoza matembezi ya mto, anzia mlimani

Wengi wanaojitolea kuongoza matembezi ya jamii kwa ajili ya kuhifadhi mto huwapeleka watu moja kwa moja ukingoni. Ni jambo la kawaida, maana mto ndio watu wamekuja kuuona. Nakushauri uanzie mbali nao kadiri miguu ya kundi lako itakavyoruhusu: juu kwenye mgongo wa kilima, pale ambapo mvua ikinyesha, maji ya upande huu hushukia bonde hili na ya upande wa pili hushukia bonde jingine. Ukisimama hapo na watu wako wakatazama chini, huhitaji hotuba ndefu kuwaeleza kidakio ni nini. Ni ardhi yote wanayoiona ikimwaga maji yake mtoni, pamoja na mashamba, mapaa, barabara na viwanja vya shule. Mkianzia mtoni, anayeishi kilomita tano kutoka ukingoni ataondoka akiamini kwamba mto ni kazi ya majirani zake walio kando ya maji. Na huyo wa mbali ndiye unayemhitaji kuliko wote, kwa sababu tope linaloujaza mto mara nyingi halitoki ukingoni, linatoka kwake.

Njia uipite mwenyewe kabla ya siku yenyewe, na ikiwezekana uipite mvua inaponyesha au kesho yake asubuhi. Wakati wa kiangazi njia ya ng'ombe ni njia tu. Mvua ikinyesha utaona imekuwa mfereji, utaona kalvati lililoziba na kulazimisha maji kuvunja ukingo wa barabara, utaona ni shamba gani limetoa maji ya rangi ya chai na lipi limetoa maji meupe. Weka alama mahali hapo. Hivyo ndivyo vituo vyako, na vinne au vitano vinatosha kwa matembezi ya saa mbili au tatu. Waongozaji wapya hupenda kujaza vituo kumi na viwili, kisha wanakimbiza watu kama wanaowahi basi. Afadhali watu wakae dakika ishirini kwenye korongo moja na kulielewa.

Beba hesabu moja kichwani: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ukilijua hilo unaweza kufundisha popote. Simama mbele ya paa la mita 8 kwa 10, waulize mvua ya milimita 20 italeta maji kiasi gani. Ni lita 1,600, kutoka paa moja. Sogea kwenye shamba la hekta moja: milimita 10 tu ni lita 100,000. Waache wakokotoe wenyewe, tena wabishane. Halafu uliza maji hayo yanakwenda wapi, na usijibu. Nimeona watu wazima waliokuwa wamenyamaza tangu mwanzo wakianza kuonyeshana kwa vidole mteremko wa viwanja vyao.

Baada ya hesabu, onyesho la chupa tatu hufanya kazi vizuri kuliko mabango yote. Chukua chupa tatu kubwa za plastiki, zikate ubavuni, uzilaze kwenye mwinamo mmoja. Ya kwanza iwe na udongo mtupu, ya pili udongo uliofunikwa kwa majani makavu, ya tatu udongo wenye nyasi hai zilizoshika mizizi. Mimina kiasi kilekile cha maji katika kila chupa, kwa kasi ileile, na kinga kinachotoka kwa vyombo vyeupe vinavyopitisha mwanga. Udongo uwe wa sehemu moja. Nasisitiza hili kwa sababu mkulima anaujua udongo kuliko wewe, na akiona chupa moja imewekwa udongo wa kichanga na nyingine wa mfinyanzi, hatakuamini tena kwa lolote utakalosema. Nyasi zipandwe wiki kadhaa kabla, au zikatwe na udongo wake zikiwa nzima. Ukizichomeka asubuhi ya tukio, maji yatazing'oa.

Mkifika mtoni, tafuteni sehemu yenye mawe na maji yanayokimbia. Nyavu ndogo, beseni jeupe, basi. Geuza mawe taratibu mbele ya wavu na umimine unachokipata kwenye beseni. Hapo watoto ndio huwa walimu, macho yao yanaona vitu vidogo upesi. Kuna wadudu wachanga wenye mikia miwili, na wengine wenye mikia ambayo mara nyingi ni mitatu na matamvua ubavuni. Hao hawavumilii maji machafu yasiyo na oksijeni ya kutosha. Kuna watoto wa kereng'ende, kaa, konokono. Na kuna ruba na minyoo, ambao huvumilia mengi, hivyo kuwakuta hao peke yao ni habari mbaya. Afrika Kusini walitengeneza kipimo cha umma kiitwacho miniSASS, chenye makundi 13 ya viumbe: kila kundi lina alama yake, unajumlisha alama za makundi uliyoyapata na kugawa kwa idadi ya makundi hayo. Mdudu wa mikia miwili ana alama 17, minyoo ina 2. Alama hizo zilipangwa kwa mito ya huko, kwa hiyo ulizia kama kuna jedwali lililopimwa kwa mito ya kwenu. Usipime mara baada ya mafuriko, kwani wadudu huwa wamesombwa na matokeo yatausingizia mto. Na kila jiwe lirudi lilivyokuwa, upande uleule.

Usalama haujadiliwi. Maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, penye konokono, yanaweza kuwa na kichocho mahali ugonjwa huo ulipo, na vimelea vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Wanaoingia majini wavae buti zisizopitisha maji, wengine wabaki ukingoni na beseni. Mvua ikiwa inanyesha milimani, hakuna kuingia mtoni hata kama juu yenu jua linawaka. Mtu mmoja unayemwamini atembee mwisho wa msafara, na asimpite yeyote.

Sasa suala la watu, ambalo naliona gumu kuliko wadudu. Mtapita kando ya shamba lililolimwa hadi ukingoni. Ukisema mbele ya kundi, "Mnaona uharibifu huu," umempoteza mwenye shamba, ndugu zake na nusu ya kijiji. Mwendee siku kadhaa kabla, umpe salamu zake, umwombe ruhusa ya kupita, umwulize kama yuko tayari kueleza mwenyewe ukingo ulikuwa wapi alipoanza kulima. Wengi hukubali. Mwenye shamba akionyesha kwa mkono mahali ambapo mto umemla, maneno yako hayana haja. Wazee nao wape nafasi ya kweli, kituo kizima, si dakika mbili za kufungua kwa dua. Wanajua chemchemi zilizokauka zilikuwa wapi, na hakuna ramani itakayokuonyesha hilo. Sheria za umbali wa kulima kutoka mtoni uzijue, zinatofautiana nchi kwa nchi, lakini usije na sauti ya mkaguzi.

Kuhusu tarehe: Siku ya Maji Duniani ni Machi 22, imeadhimishwa tangu 1993. Ya Ardhioevu ni Februari 2, kukumbuka mkataba uliosainiwa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Ya Mito ni Jumapili ya nne ya Septemba, tangu 2005. Zitumie, kwa kuwa siku hizo viongozi hukubali mwaliko. Ila tukio la mwaka mara moja halikuambii kama mto unapona. Panga matembezi mawili mengine yasiyo na fulana wala vipaza sauti, moja kiangazi na moja masika, vituo vilevile.

Upandaji miti uwe na jina la mtu kwenye kila mche, yaani atakayeumwagilia na kuulinda dhidi ya mbuzi; pasipo huyo, msipande. Ukingoni pandeni miti ya asili ya eneo hilo pamoja na nyasi zinazoshika udongo. Mikaratusi iwe mbali na chemchemi, hunywa maji mengi.

Daftari liwe moja kwa njia moja: tarehe, saa, kituo, mvua ya mwisho ilinyesha lini, nani alipima, nini kilionekana. Picha ipigwe ukisimama palepale kila safari, ikiwezekana juu ya jiwe au nguzo isiyohama. Ndani ya wiki moja warudishie watu matokeo, kwa karatasi iliyobandikwa shuleni, sokoni au kwenye nyumba ya ibada, kwa sababu waliotembea wakiwa na beseni mkononi wanataka kujua walichopata kina maana gani. Na kuanzia safari ya pili, kalamu ishikwe na mtu mwingine, si wewe.