Majirani tele, na Kena hana wa kumwambia

Wiki hii mmetuuliza ni filamu ipi ya makuzi ya kijana iliyotuonyesha upweke kwa ukweli zaidi. Jibu langu ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2018, ambayo Waganda tuna sababu ya ziada ya kuifuatilia, kwa kuwa imetokana na “Jambula Tree”, hadithi fupi ya Mganda mwenzetu Monica Arac de Nyeko iliyoshinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007. Hadithi ni ya Nakawa, hapa Kampala. Filamu imehamia Nairobi, na Mama Atim, bingwa wa umbea mtaani, amehama nayo.

Kena, msichana aliye mhusika mkuu, hakosi watu. Hucheza mpira na wavulana, baba yake ana duka, mama yake ameshika dini, na Blacksta, rafiki yake, anamtaka. Hata hivyo, miongoni mwa wote hao hakuna anayeweza kuambiwa kwamba amempenda Ziki, msichana mwenye nywele za rangi rangi, tena binti wa mpinzani wa baba yake katika uchaguzi. Ndiyo maana wawili hao hujificha ndani ya gari bovu lililotelekezwa, ambamo angalau jicho la jirani halifiki. Kwetu, Mahakama ya Katiba ilipoidhinisha sehemu kubwa ya sheria ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ilifuta wajibu wa kuwaripoti washukiwa kwa polisi. Mama Atim hajawahi kuhitaji kifungu cha sheria.

Tukio lililonigusa kuliko yote ni fupi: baada ya umati kuwapiga wasichana hao, anayeketi kando ya Kena ni yule kijana ambaye wenzake wa kijiweni humdhihaki, naye hasemi neno. Mtu huyo, ambaye filamu haimpi nafasi kubwa, ndiye aliyenifafanulia urafiki kuliko Blacksta na maneno yake yote.

Nina lawama moja. Ziki anapelekwa London, filamu inaruka miaka, na tunamkuta Kena akiwa amekwisha kuwa daktari, ilhali upweke wenyewe ulikuwa katika miaka hiyo iliyorukwa. Hadithi fupi haikuikwepa: Anyango, msimulizi wake, anazungumza na mpenzi wake Sanyu, aliyepelekwa ng’ambo, huku akiendelea kuishi mtaa uleule, miongoni mwa ndimi zilezile. Ningependa Kahiu atumie japo dakika kumi hapo, hata kwa kupunguza zile za kampeni.

Msomaji, Kampala