Umejiunga na chama cha makumbusho: mkono wako unafika wapi

Kadi uliyopewa baada ya kulipa ada haikupi sauti ya kuendesha makumbusho. Inakupa sauti ndani ya chama. Tofauti hiyo ndiyo huwapotezea wanachama wapya mwaka wa kwanza.

Chukua Nairobi. Mwaka 1910 makumbusho yalianzishwa na chama cha wapenzi wa elimu ya wanyama na mimea, kwa hiyo wanachama ndio walikuwa wenyewe. Leo ni shirika la umma chini ya sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006: lina Bodi ya Wakurugenzi, lina Mkurugenzi Mkuu, na hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kenya Museum Society, iliyoundwa 1971, ni chama cha kuyasaidia, kikiwa na uongozi wake. Ukipeleka suala la mishahara ya walinzi kwenye mkutano wa chama, mtalijadili saa nzima na hakuna aliyepo mwenye uwezo wa kuliamua.

Mahali pako ni mkutano mkuu wa mwaka. Isome katiba ukiwa nyumbani, uangalie notisi hutolewa siku ngapi kabla, mwisho wa kuwasilisha hoja ni lini, na akidi, yaani idadi ya chini ya kuhalalisha mkutano, ni watu wangapi. Hoja nzuri nyingi hufia kwenye "mengineyo": mtu anasema vizuri, ukumbi unapiga makofi, lakini haikuwa kwenye ajenda, basi haipigiwi kura. Iandike kwa sentensi moja inayotaja nani afanye nini kufikia tarehe gani. Tafuta wa kuiunga mkono, mkabidhi katibu, ubaki na nakala iliyosainiwa.

Kwenye hesabu, usiangalie salio la benki peke yake. Muulize mweka hazina kila mradi umeingiza kiasi gani, umetumia kiasi gani, na kimebaki nini. Fedha za mradi zikilipia pango la ofisi, jumla ya mwisho inaweza kupendeza huku mradi wenyewe haujaanza.

Hata hivyo, ushawishi mkubwa wa chama uko kwenye mkataba wa msaada ambao chama hutoa kwa makumbusho, na hapa ndipo wengi huzembea. Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, ilifanyiwa uchimbuzi na ukarabati kuanzia 1958 kwa ruzuku ya Wakfu wa Gulbenkian, shirika la hisani la Ureno, na makumbusho yake yakafunguliwa 1960. Fedha zilikuja na kazi iliyotajwa. Nanyi tajeni. Tuseme mnanunua kabati la vioo la kuwekea vitu vya chuma katika mji wa pwani. Ndani yake huwekwa chembe za silika, zile za kwenye vipakiti vya boksi la viatu, zinyonye unyevu. Zikishiba hazinyonyi tena. Lazima zitolewe zikakaushwe kwenye oveni. Mkataba ukitaja bei ya kabati tu, hakuna aliyepewa kazi hiyo. Kabati linabaki limefungwa, linapendeza, na kutu inaanza kwenye upanga. Kwa hiyo andikeni ni nani anayekagua, kila baada ya muda gani, gharama inatoka fungu lipi, na chama kitaletewa taarifa lini.

Masharti hayo yaishie kwenye fedha na matunzo. Kipi kionyeshwe na maelezo yaseme nini ni kazi ya wahifadhi, na mchango mkubwa haununui nafasi hiyo.

Swali linalohusu shirika lenyewe lipeleke kwa barua, ukitaja hati unayoitaka kwa jina na mwaka wake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa raia wa Kenya haki ya kujibiwa ndani ya siku 21. Ombi la "habari zote za ukarabati" hurudi na maelezo ya jumla. Ombi la ripoti moja ni gumu kukwepwa.