Kabla hujagusa mafuta, yaandae maji yako

"Shikamoo mama. Nimeambiwa una yale mafuta ya kuvuta platinamu."

Kijana alisimama mlangoni kwangu, Njiro, Arusha, na kidumu cha lita 5. Ndani yake maji ya kahawia nyekundu, kama chai ya rangi iliyokolea. Yalitokana na masega ya magari, ile kauri ya vijitundu ndani ya ekzosi inayobeba platinamu, paladiamu na rodiamu, aliyoyanunua kwa mafundi wa Unga Limited, akayasaga na kuyaloweka kwenye tindikali mbili, haidrokloriki sehemu 3 kwa naitriki sehemu 1. Nikamwambia akiweke kidumu nje, penye hewa, tukakaa tukaongea karibu saa nzima. Nayaandika haya kwa sababu wengi huniuliza swali lake: mafuta gani? Mimi huanza kuuliza maji yako yana nini.

Mafuta yenyewe si siri: ni vimiminika visivyochanganyika na maji, ambavyo huvuta metali kutoka majini. Paladiamu hupenda salfa, hivyo huhamia kwenye mafuta yenye dioktili salfaidi, ila kwa mwendo wa kobe. Ni kazi ya saa kadhaa. Platinamu hujivika kloridi sita na haikubali kuzivua, kwa hiyo huvutwa pamoja na vazi lake lote, kwa amini (kemikali za jamaa ya amonia) kama trioktilamini, au kwa TBP (tributili fosfeti) kwenye haidrokloriki kali. Rodiamu ndiyo mkaidi, hubaki majini hadi mwisho. Kiwanda cha kusafisha metali hizi cha Acton, London, kilifuata mpango wa namna hii: dhahabu kwanza, kisha paladiamu, kisha platinamu.

Sasa nikueleze kilichonipata nikiwa bado Moshi. Nilikuwa na haraka. Sikuifukuza naitriki yote, wala sikuchuja vumbi la kauri ya masega vizuri. Naitriki iliyobaki iliiharibu salfaidi, na amini nayo ikajaa naitreti, platinamu ikakosa pa kukaa. Nilipotikisa faneli ya kutenganishia maji na mafuta, katikati ya maji na mafuta pakasimama utando mzito kama povu la mbege. Nikauacha usiku kucha nikiamini utashuka. Asubuhi ulikuwa palepale, na metali yangu imenaswa humo. Iliniuma sana, maana sikuwa na masega mengine.

Kwa hiyo chuja, tena chuja, hadi maji yawe maangavu. Halafu pasha polepole ndani ya kabati la kuvuta moshi, ukiongeza haidrokloriki kidogokidogo mpaka moshi wa kahawia ukome. Rudia mara tatu, na usiache yakauke. Ule moshi nauogopa kwa dhati: mtu huuvuta, akakohoa kidogo, akaona amepona, halafu saa kadhaa baadaye mapafu yakajaa maji. Jikoni kwako si mahali pake, wala uani penye watoto.

Kuna na chuma. Kwenye haidrokloriki kali, chuma hufuata TBP na amini kama vile kimealikwa, na mafuta yakigeuka njano unafurahi bure. Dawa yake ni zinki, baada ya kuiondoa naitriki. Itie kidogokidogo, mbali na moto kwa sababu haidrojeni hutoka kwa wingi, na metali zako zitashuka zikiwa unga mweusi huku alumini na chuma vikibaki majini. Osha unga huo, uyeyushe upya kwa haidrokloriki na haidrojeni peroksaidi. Naitriki hutaihitaji tena. Rodiamu itagoma kuyeyuka, iweke kando.

Hapo ndipo mafuta yana kazi. Geuza faneli taratibu, usiitikise kama chupa ya dawa, na ufungue bomba mara kwa mara kutoa gesi. Paladiamu hurudi majini kwa amonia. Platinamu huachiwa na TBP kwa maji tu. Ukitia amoniamu kloridi kwenye maji ya platinamu, inashuka chumvi ya njano. Ni nzuri kwa macho, lakini vumbi lake huleta pumu ya kazini, na kifua kikishaanza kulikataa, hata chembe ndogo inakuangusha. Ishike ikiwa bado na majimaji, na barakoa usoni.

Vibali navyo si vya kuruka: kemikali ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, taka hizi chini ya mamlaka ya mazingira ya serikali. Kijana aliniuliza kama mabaki anaweza kuyamwaga Mto Themi usiku. Nilimkatalia kwa ukali. Kuna watu wanaumwagilia mboga ule mto.

Kabla hajaondoka tulichukua tone moja la maji yake, tukaliweka kwenye karatasi ya kuchujia na kulidondoshea stanasi kloridi, dawa ya kupimia metali hizi kwa rangi. Rangi ya chai ikafifia. Hicho kilikuwa chuma. Tukaongeza tone la pili, la tatu, kando ya doa kukajitokeza kijani cha paladiamu, hafifu lakini kipo.

"Mama, kwa hiyo ipo?"

"Ipo, mwanangu."

Kidumu kimebaki kwangu kwenye kabati la kuvuta moshi, kimeandikwa jina lake na tarehe. Ameenda kutafuta zinki.