Pima msukumo wa maji kabla ya kununua koki

Mgao wa maji wa Oktoba 2022, ulioikumba Dar es Salaam baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua, ulitukuta Goba tukiwa watu watano na simtanki moja la lita 2,000. Ndipo nilipoamua kubadilisha vifaa vya maji nyumbani, na kwa bahati mbaya nilianza na kile kilichong'aa zaidi dukani: bomba la mvua la bafuni, pana kama sahani, ambalo boksi lake liliahidi kutumia lita 6 tu kwa dakika.

Fundi bomba alilifunga asubuhi, na jioni maji yakatoka kwa matone, hata sabuni ikatukaukia mwilini. Nilimlaumu fundi, kumbe kosa lilikuwa langu. Vifaa vingi vya aina hiyo hupimwa kiwandani kwa msukumo wa baa 3, ilhali maji yanayoshuka kutoka juu hupata takriban baa 1 kwa kila mita 10 za kimo. Simtanki letu limekaa juu ya mnara wa mita 4 na bomba la bafuni liko mita 2 kutoka sakafuni, kwa hiyo hata maji yakiwa yamejaa, tofauti ya kimo ni mita 3 na kidogo, yaani msukumo wa baa 0.3 hivi. Msukumo ukipungua hadi sehemu moja ya kumi, maji yanayopita hupungua hadi kama theluthi moja, na zile lita 6 zinabaki 2.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haugharimu chochote. Chukua ndoo ya lita 10, fungua koki au bomba la mvua hadi mwisho, na uhesabu muda kwa simu. Ikiwa ndoo inajaa kwa dakika moja na sekunde 40, tayari unatumia lita 6 kwa dakika, na hakuna kifaa cha kupunguza kitakachokufaa. Ikiwa inajaa chini ya dakika moja, kama inavyokuwa kwenye nyumba zenye pampu ya kusukumia maji au zinazopokea moja kwa moja kutoka bomba kubwa la mtaa, basi vile vichujio vidogo vinavyochanganya maji na hewa kwenye mdomo wa koki vina faida ya kweli, na bei yake ni ndogo. Wanaooga kwa ndoo na kopo wasidharauliwe pia: mama mkwe wangu humaliza kuoga kwa nusu ya ndoo ya lita 20, na sijaona kifaa cha dukani kinachomshinda.

Mahali ambapo fedha yangu ilirudi ni chooni. Tangi la choo chetu cha zamani lilikuwa la lita 9, nalo lilimwaga zote hata kwa haja ndogo. Nilinunua choo chenye vitufe viwili, kimoja cha lita 3 na kingine cha lita 6, mfumo uliobuniwa Australia, nchi inayoujua ukame vizuri. Tuseme kila mtu anatumia choo mara tano kwa siku, nne kati ya hizo zikiwa haja ndogo: choo cha zamani kilikula lita 45 kwa mtu, kipya kinakula 18. Kwa watu watano tofauti ni lita 135 kwa siku, au 945 kwa wiki, ambazo kwetu ni karibu nusu ya simtanki. Tena tangi la choo hujijaza polepole bila kulalamika, hata msukumo ukiwa mdogo.

Hata hivyo, usikubali kuuziwa tangi dogo peke yake ili lifungwe kwenye bakuli la zamani. Bakuli lililotengenezwa kwa lita 9 mara nyingi halisafishiki kwa lita 6, na mtu akilazimika kubonyeza mara mbili umepoteza kuliko ulivyookoa. Nunua bakuli na tangi kama seti moja, na kabla ya kulipa umuulize muuzaji akuonyeshe vipuri vyake, hasa raba ya chini ya tangi, kwa sababu hiyo ndiyo itakayochoka kwanza. Na matofali ambayo watu hutumbukiza kwenye tangi ili kupunguza ujazo, tafadhali yaache, kwa kuwa hulika polepole na mchanga wake huiharibu raba hiyo hiyo.

Raba ikiharibika, maji huvuja kimya kimya usiku kucha. Weka matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi, usibonyeze choo kwa nusu saa, kisha uangalie bakuli. Ukiona rangi, raba inavujisha. Nilifanya jaribio hili kwenye choo cha wageni, ambacho hatukukitumia kwa wiki nzima, na bakuli likageuka jekundu.

Kwa wanaotumia maji ya visima yenye chumvi, wapo wengi Dar es Salaam, chagueni bomba la mvua lenye vitundu vya mpira laini, ambavyo ukoko wake hutoka kwa kusuguliwa na kidole. Vya chuma huziba, na itabidi uviloweke kwenye siki kila mara. Lile bomba langu pana lina vitundu vya chuma. Nimelirudisha kwenye boksi lake, na aliye na pampu ya kusukumia maji aje alichukue.